Bima ya kaya, mama mmoja na lupasi

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, na tangu hapo kila nikipita kwenye nyumba za watu Mbagala au Chamazi naulizwa swali lile lile: nesi, kadi ni shilingi ngapi? Kiwango kinachotajwa ni 150,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Una haki ya kuuliza. Lakini kama unaishi na lupasi na unamlea mtoto wa sekondari peke yako, bei ya kadi ni mwanzo tu wa hesabu yako.

Kaya ikiwa na watu sita, kila mmoja anagharimu 25,000. Ninyi mkiwa wawili, ni 75,000 kwa kichwa, na anayetafuta hela ni mmoja. Msamaha wa matibabu unaojulikana ni wa wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Mama wa miaka 38 mwenye binti wa kidato cha pili hayumo humo, na binti yake hayumo.

Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inaushambulia mwili wenyewe: viungo, ngozi, damu, figo. Kati ya wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake, na wengi huanza kuugua kati ya miaka 15 na 45, yaani umri ule ule wa kulea. Unaamka vidole vimekaza, nywele zinatoka, uso una wekundu mashavuni hadi juu ya pua, homa inakuja na kuondoka. Wengi ninaokutana nao walishakunywa dawa mseto mara kadhaa ingawa kipimo hakikuonyesha malaria. Miguu ikivimba au mkojo ukatoa povu, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Huenda figo zimeguswa.

Dawa yake kuu, haidroksiklorokwini, ni ndugu wa klorokwini ambayo Tanzania iliacha kuitumia kwa malaria mwaka 2001. Ndiyo maana jirani anakuuliza mbona unameza dawa ya malaria kila siku. Mwambie unavyotaka. Usikubali tu kuiacha, na predinisoloni usiikatishe ghafla hata siku ukijisikia umepona, kwa sababu mwili unaweza kuzidiwa.

Sasa rudi kwenye kadi. Safari ya rufaa inaanzia zahanati, inapita hospitali kama Temeke au Mwananyamala, na mara nyingi daktari bingwa wa magonjwa haya utampata Muhimbili. Kila safari ni nauli, foleni, na siku ambayo genge halikufunguliwa. Mgonjwa wangu mmoja aliwahi kuambiwa dirishani dawa imeisha, arudi wiki ijayo. Wiki ile alipanda daladala mara mbili kwa vidonge vya mwezi mmoja. Viungo vilimkaza, na binti yake hakwenda shule siku tatu: alichota maji, akapika, akauza vitumbua vya mama. Kwenye daftari la shule iliandikwa mtoro.

Wanaotumia dawa za VVU na hali zao zimetulia hupewa dozi ya miezi mitatu, wengine sita. Utaratibu huo nchi hii inaujua vizuri. Sioni sababu ya mtu wa lupasi aliyetulia kupanga foleni kila mwezi, na kwa maoni yangu hapo ndipo bima itamsaidia au itamwacha mama wa aina hii. Kwa hiyo ukifika kujiandikisha, uliza haya kabla ya kulipa: haidroksiklorokwini imo kwenye kitita? Inatolewa ngazi gani? Kwa siku ngapi? Barua ya rufaa inadumu muda gani?

Na mwanao mwambie ukweli. Kijana wa miaka 15 ameshasikia minong'ono ya mtaani kuwa mama ana UKIMWI au amerogwa. Mwambie lupasi haiambukizi, na watoto wengi wa wenye lupasi hawaipati. Mwonyeshe dawa zilipo na namba ya kupiga ukizidiwa. Kuchota maji si kazi yake peke yake siku ya shule. Shangazi, jirani au mwenzako wa kikoba aombwe mapema, siku ambayo bado unaweza kutembea hadi kwake. Nenda pia shuleni umwambie mwalimu wa darasa. Wanawake wengi huona aibu hapo. Yule wa vitumbua alienda mwezi uliofuata, akiwa na kadi yake ya kliniki mkononi, na mwalimu akaufuta ule utoro.