Nguvu haitoki mikononi



Hapa Lubumbashi, kwa wengi wetu Golf ni jina la kartie tu. Lakini kijana wangu hubeba mifuko ya wachezaji uwanjani, na majuma mawili yaliyopita alinifundisha jambo.

Alinikuta nikilima nyuma ya nyumba, nikisimama kila mara kushika kiuno. Akasema: «Mama, unalima kwa mikono peke yake. Wachezaji wapya nao hukosea hivyo.» Akachukua ufagio, akanionyesha.

Mchezaji mzuri hakunji mgongo. Anainama kutoka kwenye nyonga, magoti yakiwa yamelegea kidogo. Anaporudisha fimbo nyuma, mabega huzunguka karibu digrii 90, nyonga karibu nusu ya hapo. Misuli ya mgongo na ya ubavu inavutika kama mpira wa manati. Kisha, kwa kupiga, mikono haianzi. Miguu inasukuma chini, uzito unahamia mguu wa mbele, nyonga zinageuka, halafu kifua, halafu mabega. Mikono na fimbo vinafika mwisho. Kila kiungo kinampokeza mwenzake nguvu. Ndiyo maana mtu mwembamba anaweza kupiga mpira mbali kuliko mwenye mikono minene. Na anayekaza vidole sana kwenye fimbo anafunga mikono yake mwenyewe.

Lakini kujipinda huko kuna bei yake. Wachezaji wengi huumia kiuno. Tiger Woods wa Marekani alipasuliwa mgongo mara kadhaa. Mwaka 2017 waganga walimuunganisha mifupa ya uti, ndipo 2019 akashinda tena Masters. Ikiwa yeye mwenye waganga wake aliumia, sisi tunaolima asubuhi nzima, kisha tunabeba bidoni la litre 20, tutaponea wapi?

Jembe si fimbo ya gofu, lakini mwili ni ule ule. Tujaribu haya:

– Tanguliza mguu mmoja, inama kwa nyonga, magoti yalegee. Badilisha mguu ukichoka.
– Ukitaka kutupa udongo pembeni, geuza miguu, usipinde kiuno.
– Shika mpini bila kuukaba.
– Bidoni liinue kwa mapaja, likiwa karibu na tumbo.
– Kabla ya kuanza, tembea na uzungushe mabega dakika chache.

Maumivu yakishuka mguuni na mguu ukafa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka, usingoje dawa ya kuchua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mimi nimejaribu. Kiuno hakijapona kabisa, ila Jumamosi nilimaliza mistari minne bila kusimama. Kijana alicheka, akaniambia sasa nimebakiza kununua fimbo.

Tuonane juma lijalo.