Wacheni Kutuambia Sauti Yetu Ni Feki

Wasee, hii maneno ya "bila amp ya valvu wewe si mpiga gitaa" lazima iishe.

Kila saa kuna kijana anaambiwa na wakubwa wa bendi ati sauti yake ni feki ju anapitisha gitaa kwa laptopu. Mimi pia nimeambiwa, na mtu ambaye hakuniskiza hata dakika moja. Aliona laptopu tu, akakunja uso. Hapo hakuna hoja, bana. Hio ni chuki ya kifaa.

Kapcha ni nini kwanza? Unatuma sauti ya majaribio ndani ya amp halisi, unarekodi inayotoka, alafu programu inalinganisha hizo mbili mpaka ijifunze kile amp inafanyia gitaa. Kemper waliileta sokoni zaidi ya miaka 10 iliyopita. Leo kuna Quad Cortex, kuna ToneX, na kuna Neural Amp Modeler ya Steven Atkinson, ambayo ni ya bure kabisa. Sauti yake ya majaribio ni kama dakika 3. Huhitaji kuuza figo.

Wapinzani wanasema, "Nimelinganisha, haifanani." Ulilinganisha na nini? Ukisimama chumbani na amp, unaskia spika ikisukuma hewa, kuta zikirudisha sauti, dirisha likitetemeka. Kapcha nayo unaiskiza kwa hedifoni, na imepitia maiki iliyowekwa karibu na spika. Hio ni kushika picha ya pasipoti ya mtu ukilalamika ati haiongei. Chukua amp iliyorekodiwa na maiki ileile, weka kando ya kapcha, volyumu iwe sawa kabisa, na usijue ipi ni ipi. Volyumu ikizidi kidogo tu, masikio yatakwambia hio ndio tamu. Na zile solo zote unapenda kwa rekodi za amp, ulizipata kupitia maiki. Hukuwa chumbani.

Lakini nyinyi wa upande wangu, msicheke sana. Kapcha nyingi mnazopakua mnazitumia vibaya, alafu mnawapa hao watu cha kusema.

Kwanza, kiwango cha sauti inayoingia. Amp ya valvu hubadilika kulingana na vile unaipiga. Ukiingiza nguvu kushinda ile mwenye kapcha alitumia, utapata mkwaruzo ambao hakuukusudia. Ukiingiza kidogo, sauti inalegea. Rekebisha hapo kabla useme kapcha ni mbaya.

Pili, spika. Kapcha ya amp bila spika inalia kama nyuki ndani ya mkebe. Lazima uiwekee IR, ile faili fupi inayobeba tabia ya spika na maiki. Kusogeza maiki sentimita chache kutoka katikati ya spika kunapunguza ukali kuliko nobu nyingi. Watu wanabadilisha kapcha mia moja na shida ni faili moja ya spika.

Tatu, kapcha ni picha ya nobu zikiwa mahali pamoja. Ukiongeza geini baadaye, programu inakisia tu. Unataka sauti safi na sauti chafu? Tengeneza kapcha mbili. Riverbu na dilei zima kabla ya kurekodi, utaziongeza baadaye. Na usiwahi kuchomoa spika ya amp ya valvu ikiwa inapiga bila kuweka lodi mahali pake. Utachoma transfoma, na hio fundi atakulipisha vizuri.

Sasa ile kitu inaniuma. Fungua maktaba yoyote ya kapcha: Marshall, Fender, Mesa Boogie, kila kona. Poa, ni amp kali. Lakini hapa kwetu D.O. Misiani na Shirati Jazz walijenga muziki mzima juu ya gitaa safi linalong'aa, na benga bado inapigwa kwa amp zilizochoka ukumbini na kanisani. Nani anazirekodi? Valvu zinakufa, spika zinachanika, fundi anaweka spea yoyote anayopata, na amp haiwi ileile tena. Ikienda, imeenda na sauti yake.

Na wenye hizo amp ni kina nani? Mara nyingi ni haohao wanatuita feki. Mzee wangu, heshima yako iko, na hakuna mtu anataka kukunyang'anya amp. Tunaomba alasiri moja, maiki moja, na uiseti mwenyewe vile ulikuwa ukiiseti siku za shoo. Ukikataa ju ya laptopu, basi usilie baadaye ati vijana hawajui sauti ya zamani.

Na wewe mwenye laptopu, wacha kupakua Marshall ya mia mbili. Tafuta amp moja ya mtaa wako wikendi hii, uipige kapcha vizuri, uandike nobu zilikuwa wapi na maiki gani, alafu uiachie wengine bure.