Gari likitengenezwa nyumbani: freni kwanza, urefu baadaye



Juma hili tuingie mahali ambapo wengi wetu tunapapita pembeni ili tusichafue kikwembe: nyuma ya nyumba, kule baba na vijana wamefungua gari na kutandika pyesi chini. Hapa Butembo si jambo geni. Mtu ananunua Land Cruiser ya zamani iliyochoka, anaisukuma mpaka ndani ya parseli, kisha kila siku ya posho anaongeza kitu. Leo resori, kesho mapine, kesho kutwa bomba la hewa mpaka juu ya paa.

Sababu tunaijua. Anayepeleka chumvi na sabuni Manguredjipa na kurudi na mafuta ya mawese, gari dogo halimfikishi wakati wa mvua. Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo Toyota ilianza kuzitengeneza mwaka 1984, zina shasi nzito ya chuma, na nyingi zina motere ya mazutu isiyotegemea kompyuta. Fundi mwenye kle nzuri na uvumilivu anaweza kuitengeneza chini ya mti wa avoka.

Lakini gari hilo ni la jamaa yote. Fedha zake zimetoka katika nyumba moja, watoto wanacheza kando yake, na siku litakapotoka ni sisi tutakaokaa juu ya magunia. Basi si neno la wanaume peke yao. Mama hahitaji kujua kufungua motere ili aulize ulizo la kwanza: je, litasimama?

Vijana wanapenda kuanza na kinachoonekana: taa, rangi, mapine makubwa, kuinua gari. Fundi mwenye hekima anaanza na freni, direksiyo, na mapine ambayo hayajaisha. Mengine yote yanangoja. Wakiongeza malamu kwenye resori, gari halilali tena likipakizwa, na hapo utasikia: «Sasa linabeba mara mbili!» Hapana. Malamu yanabeba, hayasimamishi. Freni ni zile zile zilizopimwa kwa uzito wa kwanza. Mzigo ukizidi, kwenye miteremko ya Lubero freni zinapata moto, na freni zenye moto mkali zinapoteza nguvu. Ndiyo maana dereva mzuri anashuka na vitesi vidogo, motere ikizuia gari, wala haachi mguu juu ya freni kutoka juu mpaka chini.

Kuna jaribio ambalo mama anaweza kuliomba gari likiwa bado parselini, mahali tambarare. Motere ikizunguka, dereva akanyage pedali ya freni kwa nguvu na aishikilie, ninyi mkihesabu mpaka 30. Pedali ikizama polepole, mafuta ya freni yanatoka mahali fulani au pompa yake imechoka. Kisha mtazame upande wa ndani wa kila gurudumu. Ukiona unyevu wa mafuta, gari halitoki. Halafu lijaribiwe polepole njia ikiwa wazi, bila mzigo na bila abiria.

Sasa mapine makubwa. Hapa tufanye hesabu kama darasani. Pine la kwanza lina upana wa sentimita 75 kutoka juu mpaka chini. Likizunguka mara moja gari linaenda 75 mara 3.14, ni sentimita 235 na nusu. Kijana anafunga pine la sentimita 82 na nusu. Likizunguka mara moja gari linaenda sentimita 259. Ni nyongeza ya sehemu moja juu ya kumi, lakini saa ya mwendo haijui kwamba pine limebadilishwa. Ikionyesha 60, gari linakimbia 66. Na gurudumu kubwa na zito ni kazi zaidi kwa freni kulisimamisha. Anayetaka mapine hayo kwa ajili ya tope ana haki, tope la njia ya msituni si mchezo. Lakini akubali kwanza gharama ya freni.

Kuinua gari nako kuna bei yake. Wekeni chupa ndefu iliyojaa maji na kikombe kifupi juu ya sinia, kisha inueni sinia upande mmoja taratibu. Chupa itaanguka kwanza. Gari lililoinuliwa, likawekewa magunia juu ya paa na watu juu ya magunia, limekuwa chupa ile. Mahali ambapo njia imelala upande mmoja, litapinduka mapema kuliko lilivyokuwa. Mizigo mizito ikae chini, karibu na sakafu, na paa libaki kwa vitu vyepesi.

Lile bomba la hewa linafaa, kwa sababu motere ikivuta maji badala ya hewa inavunjika ndani: maji hayabanwi kama hewa. Lakini bomba halifanyi gari kuwa mtumbwi. Mto uliofurika unasukuma gari zima, bomba likiwa bado juu ya maji. Dereva akisema «tutapita tu», mama ana haki ya kushuka na watoto wake.

Turudi parselini, kwa sababu huko ndiko watoto wako kila siku.

Kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na kriki peke yake. Liegemezwe juu ya vihimili vya chuma au magogo mazito ya mti mgumu, mahali pagumu pasipo na mteremko, na magurudumu yanayobaki chini yazuiwe kwa mawe. Matofali ya simenti yenye matundu yasitumike: yanapasuka mara moja bila kuonya. Na gari lililoinuliwa lisiachwe hivyo usiku, kwa kuwa mpira wa mtoto ukiingia chini, mtoto ataufuata.

Batri ikichajiwa inatoa hewa inayolipuka kwa cheche moja. Ichajiwe nje au mahali penye upepo, mbali na mbabula. Maji yake ni asidi. Yakimrukia mtoto machoni, osha mara hiyo kwa maji safi mengi, dakika 20 zisipungue, kisha mpeleke hospitali. Na batri iliyokufa isivunjwe nyumbani ili kuyeyusha risasi yake. Kule Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, nchini Senegal, kati ya mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, watoto 18 walikufa kwa sumu ya risasi iliyotoka katika batri za gari zilizovunjwa mtaani. Vumbi lile halionekani kuwa sumu. Linashika mikono, linaingia mdomoni.

Tangi la esansi lililo tupu lina hatari kupita lililojaa, maana ndani yake umebaki mvuke. Anayetaka kulisudi bila kulisafisha kwanza ipasavyo anatengeneza bomu. Wakati wa kusudi, watoto wasiruhusiwe kutazama ule mwangaza hata kwa mbali. Jicho linaungua bila kusikia kitu, kisha usiku mtoto analia kana kwamba ametiwa mchanga machoni.

Na chupa za limonadi! Esansi ya kwa Kadhafi, mazutu na mafuta ya freni visiwekwe humo kamwe. Maji ya radiateri yaliyotiwa dawa yana utamu, na ni sumu. Mtoto akinywa esansi au mazutu, usimlazimishe kutapika, kwa kuwa yakirudi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali na uchukue chupa ile, daktari aione.

Basi chora mpaka. Kamba iliyofungwa kwenye miti miwili inatosha: mtoto havuki kamba, na fundi haachi kitu upande wa pili. Mpaka huo uende nanyi hata njiani. Gari likikwama na kuvutwa kwa kamba ya chuma, watazamaji wasimame mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe, kamwe wasisimame sambamba nayo. Kamba ikikatika inarudi kama upanga. Tupeni gunia lenye maji katikati yake kabla ya kuvuta, litapunguza nguvu ya kurudi.

Neno la mwisho ni fedha. Gari la namna hii halimalizi nyumba kwa siku moja. Linakula bulo kwa bulo, mpaka fedha za masomo na za likelemba zinaisha bila mtu kukumbuka zilikwenda wapi. Chukueni kaye moja, gawanyeni ukurasa sehemu tatu: cha lazima, cha kungoja, cha pambo. Freni ni cha lazima. Malamu ni cha kungoja. Taa sita juu ya paa ni pambo. Kila pyesi iandikwe na tarehe, bei, na jina la aliyetoa fedha. Fedha ya AVEC ikiingia humo, iandikwe kuwa deni lenye siku ya kurudishwa. Mzungumze pia mapema ni jina la nani litakaa kwenye karti rozi. Kanuni ya Jamaa ya nchi yetu ilirekebishwa mwaka 2016, na lile sharti la mke kuomba ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria likaondolewa. Mama aliyeuza maharagi miaka miwili ili kununua motere si mgeni wa gari hilo.

Kaye hiyo mpeni binti kuishika. Mfundishe majina ya kle na namba zake, aone jinsi mkono mrefu wa kle unavyofungua bulo ambayo mkono mfupi umeshindwa. Hilo ni somo la nyenzo tunaloandika ubaoni, na wengi wanalikariri bila kuligusa. Tusiwaite wavulana peke yao kushika taa ya fundi, halafu tushangae wasichana wakiogopa fizikia.

Katika mkutano wa juma hili, kila mama mwenye gari linalotengenezwa nyumbani aulize mambo matatu: pedali imehesabiwa mpaka 30? Kamba imefungwa? Kaye iko wapi? Baba hatakasirika akiulizwa kwa upole, na mafundi wengi watafurahi, kwa kuwa wao ndio wanaolala chini ya gari.

Njia zetu ni mbaya, tunahitaji magari yenye nguvu. Yajengwe basi, ila yawe magari yanayorudi nyumbani na watu wote waliopanda.