Mkandarasi wa Umeme Afungiwe Mkataba Mapema

Si haki halmashauri zetu za Tanzania Bara kungoja hata umeme uharibike zahanatini usiku, hali mama yu katika uchungu wa uzazi na chanjo zipasazo kuhifadhiwa baina ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi zimeanza kupata joto, ndipo barua za kuomba bei ziandikwe. Naona ni wajibu wa kila halmashauri kufunga, kwa zabuni ya wazi, mkataba wa mwaka na mkandarasi wa umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, bei zikiwa zimekwisha kukubaliwa, na muda wa kuitika wito, usiku na mchana, umetajwa kwa saa. Wenye kuhofia israfu, kwamba mkandarasi atalipwa pasipo kazi, wana hoja. Basi mkataba usharutishe kwamba italipwa kazi iliyoamriwa na kukaguliwa tu.