Bahari Yetu, Maneno ya Nani?

Kuna dhana iliyokita mizizi katika shule na vyuo vyetu kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, mahubiri na siasa za majukwaani, lakini panapohusika sayansi na mitambo, sharti kijitenge na kuwapisha wakubwa. Dhana hii husikika hata mahali ambapo haikutarajiwa kabisa kusikika: baharini, katika pwani iliyoilea lugha yenyewe.

Tuchukue mfano wa Wasini, kisiwa chembamba chenye urefu wa takriban kilomita 5, kilichoko mkabala wa Shimoni katika Kaunti ya Kwale. Kusini yake ipo Hifadhi ya Bahari ya Kisite, iliyotangazwa mwaka 1973, pamoja na hifadhi jirani ya Mpunguti. Kisite uvuvi umepigwa marufuku. Mpunguti uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Wageni huja huko kutoka pembe zote za dunia kutazama pomboo, kasa na matumbawe, na wengine huvaa mitungi ya hewa mgongoni wakazamia hadi chini kwenye miamba.

Likizo ya Desemba iliyopita nilikaa siku 4 katika hoteli moja ndogo ya eneo hilo, nami nikawa miongoni mwa wanaofunzwa uzamiaji. Mafunzo yote yalitolewa kwa Kiingereza, ijapokuwa katika kundi letu la watu 6, wanne tulikuwa Wakenya. Kilichonishangaza zaidi ni kijana aliyetuongoza chomboni, mzaliwa wa papo hapo. Alipokuwa akituonyesha samaki, aliwataja wote kwa Kiingereza. Alipomgeukia mwenziwe aliyeshika usukani, samaki wale wale waliitwa pono, tafi, chewa na kolekole. Nilipomwuliza kwa nini hatutajii sisi majina hayo, alinijibu kwa adabu, “Mwalimu, hayo ni majina ya kwetu tu. Mtihani hauyaulizi.”

Jibu hilo si la kumlaumu kijana. Ni la kutulaumu sisi tunaotunga mitihani, tunaoandika vitabu na tunaoamua ni maarifa yapi yahesabiwe kuwa elimu.

Yapo madai kwamba Kiswahili hakina istilahi za fani hii. Hebu tuyapime. Mtu ashukapo mita 10 chini ya maji, shinikizo linalomkandamiza huwa maradufu ya lile la juu. Akifika mita 20, huwa mara tatu. Hewa anayoivuta akiwa katika mita 10 hutanuka mara mbili anapoibuka. Akizuia pumzi njiani, mapafu yake yaweza kupasuka. Ndiyo maana amri ya kwanza ya mzamiaji ni kwamba asizuie pumzi kamwe. Kadhalika, nitrojeni iliyomo katika hewa hiyo huyeyuka damuni na katika minofu. Akiibuka kwa pupa, hutoka ghafla kwa mapovu, mfano wa chupa ya soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa, na mapovu hayo yaweza kumlemaza au kumwua. Kwa hiyo hupanda polepole, na aghalabu husimama kwa dakika 3 katika kina cha mita 5 kabla ya kutoka.

Msomaji mpenzi, ni neno gani lililokosekana hapo? Ni fikira ipi iliyoshindwa kupita kwa sababu ya wembamba wa lugha? Hata neno “skuba” halikushuka kutoka mbinguni. Chombo cha kupumulia kilichoeneza mchezo huu kilibuniwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau na Émile Gagnan. Neno lenyewe liliundwa kwa kuunganisha herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza. Wenye lugha hiyo walipopungukiwa waliunda; sisi tukipungukiwa huomba radhi.

Tena hapa hatukupungukiwa. Mzamiaji anahitaji mno kujua nguvu za mikondo, na Mswahili ana bamvua na maji mafu. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu, bahari hujaa na kupwa kwa kishindo, mikondo ikawa mikali. Katikati ya vipindi hivyo maji huwa mafu, na mkondo hulegea. Mvuvi asiyejua kusoma huzipanga siku zake kwa elimu hiyo. Anajua pia kwamba kusi likivuma bahari huchafuka, na kwamba kaskazi ndilo msimu wa maji maangavu. Mwalimu wa uzamiaji humlipisha mgeni fedha nyingi ili amfundishe mambo ambayo mzee wa Wasini aliyafunzwa na babu yake.

Lugha hii ilichungulia hata tabia za viumbe. Twasema mtu amelala usingizi wa pono. Wanaozamia usiku humkuta pono amejibanza mwambani, katulia kama aliyekufa, na baadhi ya aina zake hujifunika utando wa ute mpaka alfajiri. Wapwa wa pwani walilitambua hilo zamani, wakalitia katika msemo ambao mwanafunzi wa Turkana au Kisii huukariri leo pasipo kuambiwa kwamba ndani yake mna somo la biolojia. Na papa mkubwa mwenye madoadoa meupe, ambaye wageni hulipa pesa ili waogelee kando yake, wavuvi wetu wamempa jina la papa shilingi, kwa vile madoa hayo hufanana na sarafu zilizomwagwa mgongoni.

Baadhi ya wasomaji watauliza, tuyahifadhi majina haya kwa faida gani, ilhali mgeni ndiye mwenye pesa? Swali ni la haki. Sipingi mgeni kuhudumiwa kwa lugha aijuayo. Huo ni ukarimu na pia ni biashara. Lakini zipo hasara mbili ambazo hatuzihesabu.

Ya kwanza ni ya riziki. Kijana anayeijua bahari kuliko mwalimu wake huachwa akibeba mitungi kwa kuwa Kiingereza chake hakimwezeshi kupita mtihani wa fizikia ambayo, kwa Kiswahili, angeielewa kwa asubuhi moja. Ya pili ni ya bahari yenyewe. Mwaka 1998, joto la maji lilipopanda kwa sababu ya El Niño, matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yalipauka na kufa. Wa kutueleza ni samaki gani walikuwa wengi kabla ya hapo na wapi wamepungua ni wazee wavuvi, nao hueleza kwa majina yao. Jina likifa, ushahidi nao huzikwa.

Fauka ya hayo, kisiwa hicho kina lahaja yake, Kivumba, ambayo H. E. Lambert aliiandikia kitabu mwaka 1957. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na kuiagiza serikali ilinde lugha mbalimbali za wananchi. Agizo hilo halitatekelezwa na makaratasi ya Nairobi.

Basi walimu wa pwani na wawape wanafunzi kazi ya kuwahoji wazee, wakusanye majina ya samaki, miamba, pepo na mikondo, kila jina na maelezo yake. Sisi wa vyuo vikuu tutoke maktabani tukahakiki na kuchapisha. Nao wanaotoa vyeti vya uzamiaji katika maji yetu watakiwe kufunza na kutahini kwa Kiswahili mwanafunzi atakayeomba hivyo. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Na hakuna utumwa wa ajabu kuliko wa mtu anayehitaji mkalimani ili aielewe bahari iliyo mlangoni pake.