Simu Mpya, Laini ya Nani?

Kila mwaka alizeti na karanga zikishauzwa, nyumba nyingi hapa kwetu Dodoma hununua kitu kipya. Zamani ilikuwa bati au baiskeli. Siku hizi ni simu ya kupangusa. Si vibaya, kwani simu ni msaada mkubwa nyumbani. Lakini kabla hujafungua fundo la kanga, sikiliza yaliyotukuta kazini.

Usiku mmoja tukiwa zamu katika wodi ya wazazi, aliletwa mama kijana mjamzito kutoka kijiji kimoja upande wa Mvumi. Alikuwa amepoteza damu nyingi. Mama mkwe wake alikuwa ameshika simu ambayo bado ina nailoni yake. "Manesi wangu," alituambia, "simu hii ni mpya kabisa, lakini haisemi."

Simu waliinunua mnadani siku tatu kabla. Laini ya binti ilikuwa kubwa, ya simu ya vitufe, na tundu la simu mpya ni dogo. Kijana muuzaji akaikata kwa mkasi, ikafa. Walipokwenda kwa wakala kuomba nyingine yenye namba ileile, wakaambiwa aje mwenyewe aliyesajiliwa, aweke kidole. Mwenyewe ni mume, naye yuko machimboni Geita. Basi damu ilipoanza usiku, mama mkwe alitembea gizani karibu saa nzima hadi kwa jirani mwenye simu, ndipo wakapiga 115. Hiyo ni namba ya huduma ya m-mama, ya bure, inayoita gari kwa mjamzito, mzazi au mtoto mchanga aliyepatwa na dharura. Tunamshukuru Mungu, mama na mtoto walipona. Lakini saa ile moja ingeweza kuwa msiba.

Tulipozungumza jambo hili na wenzetu wa kikundi cha kina mama kanisani, tuligundua kwamba wengi wetu tunachagua simu kwa rangi na kamera. Laini tunaikumbuka mwisho. Kumbe laini ndiyo yenye namba yako, ndiyo inayokufungulia akiba yako ya simu na fedha za VICOBA. Simu ni nyumba tu ya kuikalisha. Kwa hiyo anza na laini.

Kwanza, tazama ukubwa. Laini ziko za vipimo vitatu. Ile kubwa ina urefu wa milimita 25 na upana wa 15, ya kati ni 15 kwa 12, na ndogo ni takriban 12 kwa 9. Simu nyingi za kupangusa za sasa hutumia ndogo, na simu nyingi za vitufe hutumia kubwa. Usikubali mkasi. Ile ndogo ni nyembamba pia, na mkasi ukigusa sehemu ya dhahabu laini imekwisha. Nenda kwa wakala wa mtandao wako ubadilishiwe, namba itabaki ileile na fedha zako hazipotei. Ila majina yaliyohifadhiwa kwenye laini ya zamani yanaweza kupotea, kwa hiyo yaandike kwanza kwenye daftari.

Pili, uliza kama simu imefungwa kwa mtandao mmoja. Simu nyingine zinazotoka nje hukataa laini za kwetu na kudai namba ya siri. Na ndugu akikutumia iPhone kutoka Marekani, mwulize kwanza ni ya toleo gani. Kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, zinazouzwa kule hazina kabisa tundu la laini. Hutumia laini ya ndani isiyoshikika kwa mkono. Uliza mtandao wako kama unaitoa.

Tatu, simu ya laini mbili ichunguzwe vizuri. Nyingine tundu la pili ni la laini au kadi ya kuhifadhia picha, si vyote kwa pamoja. Na laini ya pili iwe ya mtandao unaoshika kule kijijini kwa wazazi, si ule unaoshika mjini tu.

Nne, hakikisha simu ni halali. Bonyeza *#06#, zitatokea tarakimu 15. Zitume kwa ujumbe kwenda 15090, nawe utajibiwa aina ya simu. Jibu likitaja simu nyingine, rudisha. Bila shaka mnakumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima, watu wakabaki na vioo vya kujitazamia. Kama simu imetumika, mwuzaji aondoe akaunti yake mbele yako, la sivyo siku moja itakudai neno lake la siri.

Tano, usilipe kabla hujaweka laini yako mwenyewe ndani ya simu, ukapiga na ukapigiwa palepale dukani. Kisha dai risiti yenye jina la duka. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

La mwisho ndilo kubwa. Tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, laini ni ya yule aliyeweka kidole. Wengi wetu tunatumia laini za waume zetu, na si kwa ubaya. Baba alikwenda na kitambulisho, akasajili zote. Lakini baba akiwa safarini na laini ikafa, huna la kufanya. Zungumza naye kwa upole, wakati wa chakula, si wakati wa ugomvi. Mwambie si kumficha kitu, ni kwa usalama wa watoto. Kama huna namba ya NIDA, anza kuifuatilia wiki hii.

Leo jioni, vyombo vikishaoshwa, bonyeza *106# uangalie usajili wa laini yako. Soma jina litakalotokea. Kama si lako, umeshajua pa kuanzia, hata kabla ya kununua simu.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.