Dereva, huyo wa baiskeli naye anangojewa nyumbani

Wako watu wa Nairobi ambao huamka kabla ya wengi wetu, na ambao aghalabu hatuwatambui hadi siku tunapowaona wamelala kando ya barabara wamefunikwa leso. Nazungumzia waendeshaji baiskeli. Fika Barabara ya Jogoo mwendo wa saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, uwatazame wakitoka Kayole, Umoja na Dandora wakielekea Industrial Area. Kuna fundi na mfuko wake wa vyombo, bawabu anayekwenda kumpokea mwenzake wa zamu ya usiku, na mchuuzi aliyefunga magunia ya sukuma wiki kwenye keria hadi ukiwa nyuma yake humwoni hata kichwa. Wengi wao hawapandi baiskeli kwa ajili ya mazoezi. Walipiga hesabu ya nauli ya matatu ya kwenda na kurudi, siku sita kwa juma, wakaona hiyo ndiyo karo ya mtoto.

Madereva hulalamika kwamba watu hawa ni wakaidi. Ni kweli wapo wanaopita taa nyekundu ikiwaka, na wapo wanaokuja wakikabiliana na magari kwenye upande usiokuwa wao. Siwatetei. Lakini leo nataka kuzungumza na yule aliyeshika usukani, kwa sababu baiskeli ikigongana na lori, hata ikabainika baadaye ni nani aliyekuwa na makosa, matanga huwa ni kwa mwenye baiskeli.

Kwa maoni yangu, shida kubwa imo machoni. Dereva anayetoka barabara ndogo kuingia kubwa hutazama kulia akitafuta kitu kinachoweza kumwumiza yeye: basi, matatu, lori. Asipokiona, huingia. Baiskeli yaweza kuwa pale pale mbele yake na asiione, kwa kuwa akili yake haikuwa ikiitafuta. Baada ya ajali utamsikia akiapa, "Nilitazama, lakini sikumwona." Watu hudhani anadanganya ili ajiokoe, kumbe mara nyingi asema kweli. Isitoshe, ile nguzo ya gari inayoshika kioo cha mbele ni pana ya kutosha kumficha mtu mzima na baiskeli yake. Dawa ni kutazama mara mbili, huku ukiinamisha mwili kidogo mbele na nyuma ili uone kilicho nyuma ya nguzo. Haikuchukui hata sekunde mbili.

Nayo sekunde si kitu kidogo. Sheria yetu ya trafiki inataka gari lisizidi kilomita 50 kwa saa ndani ya mji. Kwa mwendo huo, gari hula karibu mita 14 kila sekunde, hata kabla mguu haujafika kwenye breki. Anayekimbia kilomita 80, kama wafanyavyo wengi usiku barabara ikiwa wazi, hula mita 22. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara nne.

Sasa tuje kwenye jambo linalozua matusi mengi zaidi. Umewahi kumwona mwendesha baiskeli akienda mita moja hivi ndani ya lami, badala ya kushika ukingo kabisa? Dereva aliye nyuma hupandwa na hasira, akalia honi hadi watoto wanaamka kwenye kiti cha nyuma. Tafadhali, siku moja shuka uuangalie ukingo wenyewe. Lami imemeguka vipande vipande. Kuna mchanga, vigae vya chupa, na mashimo ya maji machafu ambayo vifuniko vyake viliibwa na kuuzwa kama vyuma vikuukuu. Mahali pengine lami iko juu ya udongo kwa kimo cha kiganja. Gurudumu jembamba likiteremka hapo halipandi tena. Mpandaji akijaribu kulirudisha huanguka, na huangukia upande wa kulia, mbele ya magari. Basi anapokaa ndani kidogo hajidai wala hakuchokozi. Anajitafutia mahali ambapo akitetereka, atakuwa na pa kutetereka.

Na honi hiyo, ndugu dereva, haimsaidii yeyote. Mtu aliyebeba kreti za mkate wa kusambaza kwenye vioski akishtuliwa na honi nyuma ya sikio, mikono hutikisika na mzigo ukahama. Ile baiskeli nzito tuiitayo Black Mamba ina uzito wa kilo kama 20 kabla haijapakiwa chochote. Tena breki zake nyingi ni za raba inayobana ukingo wa gurudumu la chuma, na chuma kikilowa mvua raba huteleza. Kwa hivyo siku ya mvua mpe nafasi maradufu, na usimpite ukingoni mwa dimbwi ukitarajia ataendelea kunyooka. Hajui kina cha dimbwi lile. Atalikwepa.

Nafasi yenyewe ni kiasi gani? Mita moja na nusu kati ya kioo chako cha pembeni na mpini wake ni kipimo kizuri. Nchini Ujerumani sheria imetaka kiasi hicho mijini tangu mwaka 2020, na Uingereza ilikiandika katika kanuni zake za barabarani mwaka 2022. Iwapo gari linakuja mbele na nafasi hiyo haipo, kaa nyuma yake hadi ipatikane. Najua utingo atapiga mlango na abiria watanung'unika, lakini ukimpita utamkuta tu kwenye msongamano unaofuata, akikupita yeye.

Utaniuliza, kwa nini hawatumii njia zao? Zipi? Barabara ya Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012 ilikuwa na njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli, nasi tukafurahi. Pita huko jioni uone pikipiki, wachuuzi na magari yaliyoegeshwa humo. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya kuwajali waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Barabara ya juu kwa juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ikaanza kutumiwa mwaka 2022, nayo baiskeli hairuhusiwi kuikanyaga. Yule wa Jogoo anaendelea kugawana lami na malori.

Naam, malori. Hapa nina neno kwa pande zote mbili. Dereva wa lori huketi juu sana na upande wa kulia, kwa hivyo mtu aliye chini kushoto, karibu na mlango wa abiria, hamwoni kabisa. Lori linapokata kona ya kushoto, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Hukata ndani zaidi na kusugua ukingo. Mwendesha baiskeli aliyejipenyeza hapo akidhani lori limemwachia njia hujikuta amebanwa kati ya magurudumu na ukingo. Pale Enterprise Road na Lunga Lunga Road, ambako malori huingia na kutoka viwandani mchana kutwa, hili si jambo la kufikirika. Kwa hivyo, wewe wa baiskeli, lori likisimama kwenye makutano kaa nyuma yake. Ikiwa huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, jua naye hakuoni. Nawe wa lori, onyesha ishara mapema, na kabla hujazungusha usukani mtume utingo achungulie upande wa kushoto. Kazi yake haipaswi kuwa kupakia na kupakua tu.

Jioni ndiyo saa mbaya kuliko zote. Hapa kwetu karibu na ikweta jua huzama mwendo wa saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, na giza haliji polepole, huanguka kama pazia. Huo ndio wakati viwanda vinawaachilia watu, nao wamevaa makoti meusi na sweta za rangi ya majivu. Akina mama mnaosoma ukurasa huu, hapa mna uwezo kuliko askari wa trafiki. Taa ya dinamo ambayo mume wako anaisifu hupata nguvu zake kutoka kwa gurudumu linalozunguka. Akisimama kwenye makutano ili magari yapite, taa huzimika, na hapo hasa ndipo anapohitaji kuonekana! Mtafutie taa ndogo ya betri ya kufunga nyuma. Kile kioo chekundu cha kurudisha mwanga kilicho kwenye bawa la tairi, kipanguse matope. Kikiwa kichafu hakina kazi. Ukishona kitambaa cheupe mgongoni mwa koti lake la kazi hatakipenda, atasema anafanana na mwanafunzi. Mshonee tu.

Nimebakisha mlango. Katikati ya jiji dereva huegesha upande wa kushoto, akakusanya simu na mfuko, akafungua mlango wake wa kulia kwa kishindo. Mwendesha baiskeli anayepita hukutana na ukingo wa chuma kifuani, au huukwepa na kuingia mbele ya basi. Upande wa pili una hatari yake. Katika msongamano, baiskeli hupita kati ya magari na ukingo, na hapo ndipo makanga hufungua mlango wa matatu abiria wateremke katikati ya barabara kabla ya kituo. Abiria, usiruke tu kwa kuwa umeambiwa "shuka haraka". Toa kichwa kwanza, utazame nyuma.

Kwa wenye magari, Waholanzi wana mazoea ambayo kanuni za Uingereza pia ziliyachukua mwaka 2022: fungua mlango kwa mkono ulio mbali nao. Hapa kwetu dereva huketi kulia, kwa hivyo hutumia mkono wa kushoto. Ukijaribu utaona kwamba bega lazima ligeuke, na bega likigeuka, macho hupita kwenye kioo cha pembeni na kutazama nyuma hata kama hukukusudia. Leo mkirudi kutoka kanisani au kumtembelea nyanya, kabla ya yeyote kuteremka, waambie watoto wafanye hivyo. Aliye nyuma ya dereva atumie mkono wa kushoto, aliye upande wa pili atumie wa kulia. Yule mdogo wa katikati atalia kwamba hana mlango. Mpe kazi ya kutazama nyuma na kusema kama kuna baiskeli inakuja.